Shingo ya Guyo Dalali

Vijana wangu, mkinikuta sokoni na kikapu cha nyanya bado mnaniita daktari. Nashukuru, ila mimi nilikuwa afisa tabibu tu, Mmeru kutoka milimani, niliyetumwa Isiolo nikiwa msichana na nikakataa kuhamishwa mpaka nikastaafu. Juzi wawili wenu mlinisimamisha mkaniuliza ni ugonjwa gani ulinifundisha zaidi. Nadhani mlitarajia niseme kipindupindu, au nyoka wa kule Korbesa. Nikasema ni shingo, mkacheka. Sasa leo nina nafasi, na chai iko. Sikilizeni.

Pale mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi iliyokumbatia bomba la hewa kulia na kushoto. Vitabu vyenu vinaiita thairoidi. Kazi yake ni kuamua mwili uende kwa mwendo gani: moyo, joto, usingizi, choo, hata hasira. Ikitoa donge kubwa lisilouma, hata jirani analiona na kusema ni goita. Lakini kuna wakati tezi hiyo inavimba kwa joto na maumivu, vile fizi inavyovimba, na donge lenyewe ni dogo, limejificha chini ya kola au mtandio. Hapo ndipo watu wanatibiwa kila kitu isipokuwa shingo.

Guyo alikuwa dalali kwenye soko la mifugo. Mborana, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye maneno mengi na vicheko vingi. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya mwenye ngamia na mnunuzi, kushika mkono wa huyu na wa yule, na kutouachilia mpaka wakubaliane. Dalali anaishi kwa mkono na mdomo. Na kwa miaka mingi alikuwa ameishi pia kwa miraa. Alitafuna asubuhi, akatafuna jioni, mpaka mkewe Talaso alipochoka. Talaso alimwambia achague, na Guyo akachagua. Aliapa mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba ameacha, na akaacha kweli.

Haya yalikuwa miaka michache baada ya serikali ya kaunti kuingia. Guyo alipata homa ya kawaida, mafua na kikohozi, kama nusu ya mji ilivyopata msimu ule wa vumbi. Ikaisha. Wiki chache baadaye akaanza kuumwa taya na sikio upande wa kushoto. Akaenda kwa mtu wa meno, na jino likang'olewa. Msimcheke mtu wa meno, maana jino lenyewe lilikuwa limeoza na lingeng'olewa tu siku moja. Lakini maumivu yakabaki. Akaenda kliniki moja ya mjini akiwa na homa na viungo vinamuuma, na kwa sababu anakunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa, akapewa dawa za brusela. Huku kwetu brusela iko nyingi, kwa hiyo hata hilo halikuwa wazo baya. Akameza dawa mpaka zikaisha. Maumivu yakahama upande wa kulia.

Kisha yakaja mengine. Mikono ilianza kutetemeka, chai inamwagika kwenye kisahani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio hata akiwa amekaa. Usiku hapati usingizi. Anatoka jasho kwenye kivuli. Amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Ana haraka ya kila kitu, na hasira juu yake. Niambieni nyinyi, mtu wa Isiolo mwenye historia ya miraa akionekana hivyo, majirani watasema nini?

Talaso alisema vilevile: amerudia miraa. Hakupiga kelele. Aliangalia kikombe cha mumewe kikigongana na kisahani, akamuuliza mara moja tu, na Guyo alipokana, akafunga nguo zake na za mtoto mdogo, akapanda gari la kwenda kwa wazazi wake Biliqo. Alimwachia Guyo maneno kwa dada yake mwenyewe: kutafuna angevumilia, uongo hapana.

Ndipo Guyo akaja kwangu. Aliingia akasema asalaam aleikum kwa sauti ya kukwaruza, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeogopa kitaanguka naye. Nilipomuuliza shida, hakutaja shingo. Alisema anataka kupimwa kama ana miraa mwilini, ili mke wake arudi. Nilimwambia hicho kipimo hapa hatuna, na hata tungekuwa nacho, si mimi wa kupeleka majibu Biliqo. Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa upande wa mkono. Mtu mzima, dalali, analia kwenye chumba changu saa nne asubuhi, na foleni nje inagonga mlango.

Sasa hapa ndipo nataka mtulie. Mwaka ule tulikuwa na daktari bingwa aliyekuwa akija kutoka Meru kutusaidia, Daktari Mwiti, mzee mrefu mwenye mikono ya baridi. Alikuwa na tabia ya kuipasha mikono yake joto kwenye kikombe cha chai kabla ya kumgusa mgonjwa. Alitufundisha kwamba shingo haipimwi kwa macho ukiwa umekaa mezani. Unasimama nyuma ya mgonjwa, unamwambia ainamishe kidevu kidogo, unaweka vidole vyako taratibu chini ya kongomeo, pande zote mbili, halafu unampa maji anywe funda moja. Kitu kinachopanda na kushuka anapomeza ni thairoidi, au kimeshikamana nayo. Kisichopanda ni kitu kingine. Mkijua hilo tu mtawazidi wengi.

Maji yenyewe yana mambo yake. Mzee mmoja alimaliza glasi nzima kabla sijagusa, akaomba nyingine iwe na sukari. Mwingine nilimpa maji katikati ya Ramadhani bila kufikiri, akanitazama kwa upole akasema atarudi baada ya magharibi. Tangu siku hiyo nikajua kuwaambia wanaofunga wameze mate tu. Na kwa akina mama, fungeni pazia kwanza, ombeni ruhusa ya mtandio kusogezwa, na muwe na muuguzi wa kike kama nyinyi ni wanaume. Mwanamke akiona aibu anakaza shingo, na shingo iliyokazwa haikwambii chochote.

Basi nilimuuliza Guyo maumivu yalianzia wapi, nikamwacha aongee. Akasimulia mafua, jino, sikio, dawa za maziwa. Aliposema maumivu yalihama kutoka kushoto kwenda kulia nikainuka. Nilisimama nyuma yake, nikaweka vidole, na kabla hajameza maji aliruka nusura aangushe kiti. Tezi ilikuwa ngumu, imevimba kiasi, na kila nilipoigusa maumivu yalikimbilia sikioni. Ngozi juu yake haikuwa nyekundu, hapakuwa na mahali palipolainika kama usaha. Hilo liangalieni kila mara, kwa sababu tezi yenye usaha ni dharura, na mgonjwa huyo hakai kwenu, anapelekwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumgusa pale. Akasema hapana. Walimwangalia mdomo, masikio, wakapima damu ya malaria na ya brusela, presha wakapima. Shingo ilikuwa imepitwa kama kituo kisicho na abiria.

Zamani, kabla ya kaunti, damu ya thairoidi ilikuwa inafungwa kwenye boksi la barafu na kupanda basi, na majibu yakirudi mgonjwa ameshahamia malishoni. Wakati huo wa Guyo bado tulikuwa tunaituma Meru, lakini majibu yalikuja kwa simu, na sisi tukaona tumeendelea sana. Kipimo cha damu kutuama tulifanya hapa hapa: mnaiacha damu kwenye mrija uliosimama na kuangalia inashuka kwa kasi gani. Ya Guyo ilishuka kama jiwe, maana yake kuna kitu kimewaka mwilini. Majibu ya Meru yakasema homoni za thairoidi ziko juu sana na ile homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi imenyamaza kabisa.

Nilitaka pia picha ya shingo. Mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ilikuwa mpya, na watu wengi waliamini ni ya wajawazito peke yao. Guyo akaketi kwenye benchi katikati ya akina mama wenye matumbo. Mmoja, Mturkana mchangamfu, alimuuliza ana miezi mingapi. Guyo alijibu kwamba yeye hajui, lakini mke wake amekasirika ameenda kwao, kwa hiyo labda mke ndiye baba. Benchi zima lilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitania, na nikajua kuna mtu mzima ndani ya ule mtetemeko. Picha yenyewe ilionyesha tezi imevimba, lakini haina usaha.

Mwenzangu mmoja kazini aliona homoni ziko juu akataka tumwanzishie kabimazoli, dawa ya kuifungia tezi isitengeneze homoni. Hilo ndilo wazo la kwanza la kila mtu, hata mimi lilinipitia. Nikampigia Daktari Mwiti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama tezi inauma. Nikasema inauma sana. Akasema, "Basi mashine ya kusukuma maji haina shida. Tangi limepasuka. Ukizima mashine, maji yataacha kumwagika?"

Nilikaa na maneno hayo mkononi pamoja na simu. Kwa lugha yenu ya vitabu, tezi huwa imeweka akiba ya homoni. Ikiungua kwa uvimbe huu, mara nyingi baada ya ugonjwa wa virusi kama yale mafua, akiba yote inavuja kwenye damu kwa pamoja. Tezi haitengenezi zaidi, inavuja tu. Kuizuia kutengeneza hakumsaidii mgonjwa, tena baadaye kunamwongezea tabu. Unachotibu ni uvimbe, na moyo unaokimbia, huku ukisubiri akiba iishe.

Nikampa Guyo ibuprofeni kwanza, dawa ya maumivu na uvimbe, ale chakula ndiyo ameze, na propranololi ya kutuliza moyo na mikono. Kabla ya hiyo propranololi nilimuuliza kama ana pumu. Ulizeni, kila mara, hata kama foleni inawapigia kelele, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumfunga mwenye pumu kifua. Mikono ilitulia mapema. Maumivu yalipungua kidogo tu, bado alikuwa halali upande wowote. Daktari Mwiti akasema tuende kwenye prednisoloni, dawa kali zaidi ya kuzima uvimbe. Nikapima sukari, nikahakikisha hana kifua kikuu, maana dawa hiyo inaficha maambukizi na kuyapa nafasi. Nikamwonya asiiache ghafla hata akijisikia mzima, tutaipunguza polepole.

Kesho yake alasiri simu ikalia. Guyo alisema amemeza ugali. Hakusema salamu, alisema amemeza ugali na nyama, na kwamba amelala tangu saa sita mchana akaamshwa na adhana ya alasiri. Mkiona uvimbe wa tezi unaouma hivyo ukitulia haraka namna hiyo kwa prednisoloni, mnaweza kutabasamu, mko kwenye njia. Usipotulia, anzeni upya mfikirie kingine.

Ikabaki Biliqo.

Guyo aliniomba nimpigie mke wake. Nilikataa kumweleza mtu ugonjwa wa mwingine kwa simu, hata kama ni mumewe. Nikamwambia kama anataka Talaso ajue, amwite aje wakae wote wawili mbele yangu. Alituma watu, wakarudi bure. Mwishowe dada ya Talaso mwenyewe alimshawishi, na akaja, mwanamke mrefu, mtulivu, amembeba mtoto. Alinisalimia kwa adabu, akakaa mbali na mumewe.

Nilimweleza kila kitu vizuri, kwa Kiswahili changu na Kiborana changu cha kuvunjika. Alisikiliza. Nilipomaliza aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikasema ni Meru, upande wa Nyambene. Akauliza kwetu tunapanda nini.

Jamani, kwetu tunapanda miraa, na ndugu yangu wa kuzaliwa tumbo moja anaiuza hapa Isiolo. Nikamwambia hivyo hivyo, sikuficha. Talaso akasema, "Daktari, mtu wa miraa akiniambia si miraa, mimi nitafanya nini na hayo maneno?"

Guyo aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kukasirika, nikaona mama ana haki. Makaratasi ya maabara hayangemsaidia, hakuwa amesoma na hakuwa na sababu ya kuamini wino wetu. Nikamuuliza Guyo kama anaruhusu mke wake amguse shingo. Akakubali. Bado kulikuwa na uchungu kiasi, maana dawa tulikuwa tumeshaanza kuipunguza. Nikamsimamisha Talaso nyuma ya kiti, nikamchukua vidole nikaviweka mahali pake, nikampa Guyo maji. Alipomeza, tezi ikapanda chini ya vidole vya mkewe, ngumu bado, na Guyo akakunja uso na mabega yakapanda.

Talaso hakuondoa mkono. Aligusa tena, taratibu, upande wa pili, kama mtu anayetafuta jeraha kwenye shingo ya mbuzi. Kisha akaniomba nimwekee mkono wake kwenye shingo yangu alinganishe. Nikafungua kola, akagusa, nikameza mate. Akagusa na yake mwenyewe. Mtoto akaanza kuvuta stethoskopu yangu.

"Nilikuwa naangalia mikono yake," akasema, "na nasikiliza mdomo wake. Hapa sikuangalia."

Guyo akainuka. Walitoka pamoja. Nilimwona dirishani Talaso akimpa mume mtoto amshike, na mikono ya Guyo ilikuwa imetulia kabisa.

Hapo wengi wenu mngeandika amepona na kufunga faili lake. Msifanye hivyo. Tangi lililopasuka likimaliza kuvuja linabaki tupu, na fundi bado yuko kazini kulikarabati. Kwa hiyo baada ya miezi ya mbio, mgonjwa anaweza kuingia miezi ya polepole. Nilimwambia Talaso aangalie hilo: akiona baridi, usingizi, uso umejaa, choo kigumu, maneno mazito, aje.

Alikuja kabla Guyo mwenyewe hajajua. Alisema mumewe sasa anavaa koti mchana wa Isiolo, analala akiwa amekaa, na sokoni amewaacha watu wawili wakishikana mikono akasahau anasema nini. Majirani walikuwa wameanza tena, mara hii wanasema ni uvivu. Talaso alinieleza hayo huku anacheka kwa dharau, kwamba majirani zake hawajawahi kushika shingo ya mtu. Damu ikaonyesha alichosema. Tukampa Guyo thairoksini kidogo, homoni ile ile ya tezi kwenye kidonge, ya kumshikilia, na nikawaeleza kwamba kwa wengi ni ya muda tu, tezi ikirudi kazini tutaiondoa tuone. Wachache hawarudi kikamilifu, na hao humeza kidonge maisha yote na kuishi vizuri. Sikuwaahidi watakuwa upande upi.

Talaso ndiye aliyekuwa akimletea dawa asubuhi, kabla ya chai, tumbo likiwa tupu, kama nilivyomfundisha. Mara kwa mara alipita kliniki akitoka sokoni, anasema leo ameamka mwenyewe, leo amelala mpaka jua limetoka, leo amevua koti. Sikuwahi kupata muuguzi aliyenipa ripoti nzuri hivyo. Ikafika wakati tukaiondoa thairoksini, tukangoja, kisha tukachukua damu ya mwisho. Mashine ya kupima homoni tuliyokuwa tumeletewa karibuni ilikuwa imeharibika, damu ikaenda Meru kama zamani.

Kabla majibu hayajarudi, Talaso alinipigia simu asubuhi na mapema. Nilishtuka, nikadhani kuna jambo baya. Aliniambia Guyo ameamka kabla ya adhana, ameita chai, ameikuta haina sukari ya kutosha, na amegombana naye kuhusu hiyo chai tangu jikoni mpaka mlangoni, na sasa yuko njiani kwenda sokoni bado anaongea peke yake. Alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi.

"Daktari, amepona," akasema. "Huyu ndiye niliyeolewa naye."

Majibu ya Meru yalifika siku chache baadaye. Yalisema vilevile.